Kitanda cha Kukhu Hakipiti Mlangoni

Kila shule ikikaribia kufungwa, darasa letu hugeuka ofisi ya utalii. Huyu anaenda Kakamega, yule anaenda kwa nyanya yake Murang'a, ambaye anamwita shosho, mwingine anatuambia kwao kuna ng'ombe anayemtambua kwa sauti. Nikiulizwa ushago wetu, yaani kijijini kwetu, ni wapi, nilikuwa natazama mbali kama mtu mwenye safari ndefu, kisha najibu kwamba ni mbali na lazima nivuke mto. Sikudanganya. Mto wenyewe ni ule mtaro mweusi unaopita nyuma ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji; ukitumbukia humo unatoka na rangi nyingine na pengine dini nyingine. Kutoka kwetu Kayole hadi huko, ukiwa na mama asiyependa kulipa nauli, unafika kwa miguu.

Huko ndiko kulikuwa kwa Kukhu. Kukhu ni nyanya yangu, mama yake mama, na sisi watu wa magharibi hatuna neno jingine la kumwita linalotoka mdomoni na heshima yake kamili. Nasema "kulikuwa" kwa sababu sasa hakuko. Naandika haya nikiwa na hasira, na nataka ijulikane mapema kwamba ni hasira, isije ikadhaniwa ni njaa.

Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vigae, sebule moja, chumba kimoja cha kulala, na jikoni ya mabati ambayo babu aliiongeza nyuma. Wengine wataiita ndogo. Kwangu mimi, ninayeishi orofa ya nne katika chumba ambacho ukinyoosha miguu lazima mwenzako akunje yake, ile ilikuwa kasri. Ilikuwa na ua. Ilikuwa na mpera uani na mfereji wa maji karibu na mpera. Sakafu yake ilikuwa nyekundu, imepigwa nta miaka nenda miaka rudi, hadi ukiinama unaona matundu ya pua yako. Likizo ya Aprili, ya Agosti, ya Desemba, mimi na binamu yangu wa mtaa wa Huruma, binti yake mjomba, tulikutana pale na mabegi kama watu waliotua uwanja wa ndege. Tulikula mapera mabichi hadi matumbo yakagoma. Tulipikiwa mboga ya mrenda, tukaukataa, tukaula.

Usiku tulilala kwenye kitanda cha Kukhu. Sijui kama niite kitanda au kiwanja. Babu alikuwa seremala wa reli, kazi yake ilikuwa kutengeneza viti vya mabehewa, na alipomwoa Kukhu na kupanga nyumba hiyo ya kanjo, alimtengenezea kitanda cha mvule chenye miguu minene kama ya kiboko. Wajukuu tulilazwa kwa upana, vichwa ukutani, miguu ikining'inia, na Kukhu mwenyewe akilala ukingoni kama mlinzi. Babu alikuwa ameshafariki kabla sijazaliwa. Kitanda ndicho nilichomjua.

Sasa lazima nieleze habari ya baba, la sivyo hutaelewa kilichotupata.

Kwetu, mkwe na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, haoni kitanda chake, na mama mkwe halali kabisa katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Siyo ugomvi. Wakubwa wanasema ni heshima, na heshima hiyo ni nzito kuliko gunia la saruji. Kwa hivyo Krismasi ikifika, baba alikuja kwa Kukhu akiwa amevaa koti, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, uso ameuelekeza barabarani kama mtu anayengoja maandamano. Kukhu alikaa jikoni. Kati yao kulikuwa na ukuta, pazia na mimi.

Kukhu aliniita na kuniambia nimwambie baba yangu chai iko tayari. Baba alikuwa amesikia kila neno, maana jikoni si Mombasa, lakini alingoja hadi nifike na nimwambie. Nami, kwa kuwa mjumbe hauawi, nilikuwa naongeza chumvi. Nilimwambia Kukhu amesema chai iko tayari, na pia amesema mtoto aliyepita Kiswahili anunuliwe viatu. Baba alikunywa funda moja, akauambia mlango kwamba amesikia yote aliyoyasema Kukhu, pamoja na yale ambayo hakuyasema. Jikoni nikasikia Kukhu akicheka ndani ya leso yake. Walikuwa wanapendana sana, wale wawili, kwa namna hiyo yao ya ajabu.

Halafu bango likaja.

Lilisimamishwa pale penye mfereji mkuu wa mtaa, kubwa kuliko nyumba ya Kukhu. Lilikuwa na picha ya maghorofa meupe, na chini yake watu wakikimbia mazoezi na mbwa wao. Mimi na binamu yangu tuliliangalia kama mtihani. Katika picha nzima hakuna aliyeanika nguo. Hakuna anayeuza omena. Hakuna mtoto mwenye kamasi. Hakuna hata bibi mmoja. Binamu yangu aliniuliza kama hao ni wageni wetu au sisi ndio wageni wao. Matangazo yakaja, mikutano ikaja, vijana wenye makoti ya kung'aa wakaja na rangi nyekundu, wakaupiga ukuta wa Kukhu alama ya msalaba wa kulala, kama mwalimu anayesahihisha hesabu mbovu. Ile nyumba ilikuwa imesimama tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Kosa lake lilikuwa nini?

Wakasema ni maendeleo. Wakasema wapangaji wa zamani watarudishwa kwenye ghorofa zikiisha. Kukhu akauliza mkutanoni, kwa upole wake wa kanisa, kama atarudishwa akiwa hai. Watu wakacheka. Yule bwana wa kipaza sauti naye akacheka, kisha akamkaribisha mtu mwingine aulize swali.

Hapo ndipo swali la kweli likaanza kuning'ata: Kukhu atalala wapi? Kwetu Kayole hawezi, ni kwa mkwe. Kwa mjomba Huruma kuna chumba kimoja, watoto wengi, na mjomba mwenyewe.

Mjomba akaitisha kikao cha familia. Alikuja na koti, akaomba sala ndefu hadi chai ikashika utando, kisha akaamuru watoto watoke nje. Tukatoka, tukaenda kusimama nyuma ya mabati ya jikoni, ambako husikika vizuri zaidi. Mjomba alisema mzee haachwi mjini kama mzigo uliosahauliwa steji. Alisema mama arudi ushago, nyumbani ni nyumbani, hewa ni safi. Vyombo vingine vigawanywe. Kile kitanda, kwa kuwa ni kikubwa na hakina maana, yeye ana fundi rafiki yake anayenunua mbao za mvule. Kitakatwa palepale, kazi ya asubuhi moja.

Kisha Kukhu akasema, sauti yake haijapanda hata kidogo, "Nyumbani kwa nani? Shamba la baba yako, ndugu yake amepanda miwa hadi pale nyumba ilipokuwa. Unataka nikalale kwenye miwa kama fuko?"

Mjomba akaanza kueleza kwamba mambo hayo huzungumzwa. Kukhu akamwambia azungumze nayo hiyo miwa. Yeye hatakwenda ushago, hataingia nyumba ya mkwe, na hatakuwa mzigo Huruma. Atakwenda mahali ambapo kitanda chake kitakwenda kikiwa kizima, na kama hakuna mahali hapo, basi wambomolee na yeye.

Nyuma ya mabati, binamu yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Akaninong'oneza kwamba baba yake angeweza kuuza hata ule mtaro kama angempata wa kumchotea. Nilicheka lakini sikufurahi. Nilikuwa nimekasirikia kila mtu: kanjo, bango, mjomba, miwa, na hata hiyo mila yetu inayomruhusu mama yangu kumfulia mama yake nguo lakini haimruhusu kumpa pa kulala.

Baba alikisikiliza kikao hicho uso ukiwa barabarani. Alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni. Lakini kuanzia siku iliyofuata, akitoka kazini kwake Industrial Area, ambako anapakia na kupakua magunia, hakuja nyumbani moja kwa moja. Alikuwa anazunguka Kayole akiuliza. Mwishowe akapata chumba cha chini, ng'ambo ya barabara kutoka ploti yetu, jengo tunalopanga. Zamani kilikuwa duka. Hakina dirisha, mlango wake ni wa chuma, mabawa mawili, unafunguka kuelekea barabarani. Nikatumwa kumweleza Kukhu. Aliniuliza jambo moja tu: huo mlango una upana gani? Nikarudi kwa baba, baba akafikiri kwa hesabu zake za kazini, akasema wapakiaji wawili wanapita pamoja, kila mmoja na gunia lake. Nikampelekea Kukhu jibu hilo. Akasema ni vizuri. Sikujua kwa nini ni vizuri, na hakuna aliyeuliza.

Siku ya kuhama, tingatinga lilikuwa tayari limefika safu ya nyumba iliyo mbele ya yetu. Ukisikia nyumba ya mawe ikianguka, sauti yake haiko kama unavyofikiri. Ni kama mtu mzito anakaa chini akishusha pumzi. Pikapu ilisimama kando ya mpera. Mjomba alikuwa amefika juma lililotangulia kung'oa mabati ya jikoni, kwa sababu yalikuwa ya familia, na siku hii ya mizigo simu yake ikasema yuko kwenye mazishi. Sijui nani alikufa. Pengine aibu.

Tukapanga kazi. Mama, binamu yangu na mimi tunatoa vitu ndani hadi kizingitini, baba anavipokea nje na kuvipakia. Sufuria, jiko la makaa, viti, redio, picha ya babu aliyevaa kofia ya reli. Baba alikuwa anavipanga kwenye pikapu kama mtu anayepanga mayai. Kikabaki kitanda.

Tulikiinua upande mmoja. Tukakipeleka mlangoni pa chumba. Kikagonga. Tukakilaza ubavu, kikagonga. Tukakisimamisha, kikagusa dari na kugoma. Mama akapiga magoti atafute skrubu za kukifungua, akazunguka miguu yote, akapapasa huku na kule. Hakukuwa na skrubu. Hakukuwa na nati wala msumari. Babu alikuwa ameunganisha kila kiungo kwa vigingi vya mbao na gundi, jinsi walivyounganisha viti vya mabehewa ili safari isivilegeze.

Kukhu alikuwa ameketi kwenye kona akitutazama bila haraka.

"Hakipiti," akasema. "Alileta mbao mojamoja begani, akakijengea humu ndani. Kijana alikuwa na mke, ana nyumba. Atawazaje kuhama?"

Mama akauliza kwa nini hakutuambia mapema. Kukhu akajibu kwamba angesema mapema, mjomba angeshaleta msumeno. Mama alikaa chini kwenye ile sakafu nyekundu, akaanza kucheka, na kile kicheko kikabadilika katikati, nami nikajifanya naangalia dirishani.

Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Nje alikuwa amesimama mwanaume ambaye riziki yake ni kubeba. Magunia, mapipa, mabomba, chochote. Kama kuna mtu Eastlands nzima anayejua namna ya kutoa kitu kikubwa mahali padogo, ni baba. Na huyo ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kuingia chumba hicho wala kukiona kilichomo. Mama akampigia mjomba simu. Mjomba, katikati ya mazishi yake, akasema kikatwe. Kukhu akasema wakianza na kitanda wasiache hapo.

Nikatoka kumweleza baba. Safari hii sikuongeza chumvi. Alinisikiliza huku akiutazama mpera, kisha akaniuliza kitanda kimeegemea ukuta upi. Nikamwambia ule wenye dirisha, unaoelekea hapo alipo. Akazunguka, akaugonga ukuta kwa kiganja, akaugonga tena chini ya dirisha. Akanituma nikamuulize Kukhu kama atamkubalia atoboe.

Nilidhani nimesikia vibaya, lakini nilikwenda. Tingatinga lilikuwa linanguruma upande wa pili, na vumbi limeanza kuingia. Kukhu akasimama, akatoa shuka zake zote, na turubai la kufunikia kuni, na blanketi. Akakifunika kitanda chote hadi miguu, akakifunga kamba kwa mikono yake, akavuta kila ncha isionekane hata ukingo. Kisha akaniambia nimwambie mkwe wake hivi: kuna mzigo umefungwa, na mama mkwe yuko sebuleni, ameangalia kwingine.

Baba akaenda kwa vijana wa kubomoa, waliokuwa wameketi wakila njugu wakingoja tingatinga limalize lao, akawaomba nyundo kubwa. Wakampa. Wawili wakaja naye, nadhani kwa ajili ya kuona sinema. Akavua koti, akalitundika kwenye mpera, akapiga.

Ukuta ule uligoma. Nilijivunia jinsi ulivyogoma. Waliotuambia kwamba nyumba zile zimechoka na ni hatari kwa maisha yetu, natamani wangekuwa hapo wamwone mpakiaji mzima na vijana wawili wakitokwa jasho kuung'oa mstari mmoja wa mawe. Fremu ya dirisha ikatoka kwanza. Halafu jiwe. Halafu mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia.

Hapo ndipo askari wa mradi akatokea mbio, koti la kung'aa, kitambulisho shingoni kikimpiga kifuani.

"Nani amewaruhusu kuharibu nyumba ya serikali?"

Baba hakushusha nyundo. "Na hiyo tingatinga imekuja kuipaka rangi?"

Wale vijana wa kubomoa walicheka hadi mmoja akakaa chini. Askari akasema kuna utaratibu, kuna watu waliopewa kazi ya kubomoa, na mtu mwingine yeyote akibomoa ni uharibifu wa mali. Alisema atapiga simu kwa wakubwa. Alipiga, haikushikwa. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye lile tundu, kichwa nje na mwili ndani, na nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia. Vigae vya Kukhu vilivuja miaka mingapi? Alikwenda ofisi za kanjo mara ngapi, na kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, akaambiwa fundi anakuja? Mfereji ulipokauka, nani alikuja mbio? Choo kilipofurika, nani alipiga simu kwa wakubwa? Nyumba ile ilikosa mwenyewe siku zote ilipougua, na siku ya kuizika ikapata mwenyewe mwenye kitambulisho. Lakini mama alinifinya kwa nyuma, nikabaki na nusu ya sentensi mdomoni.

Kitanda kikatoka. Sisi watatu tulikisukuma kutoka ndani, baba na vijana wakakipokea nje, mzigo mkubwa wa blanketi na kamba kama ng'ombe aliyevishwa. Baba alibeba upande wa kichwa. Uso wake wote ulikuwa umegeukia mpera. Hakuteleza hata mara moja. Binamu yangu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mzee wangu anabeba kwa macho ya kisogoni.

Kukhu alitoka kwa mlango. Akaufunga kwa ufunguo, akaujaribu kwa kuusukuma mara mbili, kama alivyofanya kila siku akienda kanisani, ilhali ubavuni mwa nyumba kulikuwa na tundu ambalo pikapu ingepita. Yule askari, ambaye sasa alihitaji kushinda jambo lolote lile, akamwambia funguo zirudishwe. Kukhu akaufunga ule ufunguo kwenye pindo la leso, akalisokomeza kifuani.

"Wewe mwanangu, pitia kwenye tundu," akamwambia.

Hatukungoja kuona mwisho, lakini mwisho ulitufuata. Pikapu ilikuwa haijafika kwenye kona tingatinga likaanza, na likaanzia pale pale tulipotoboa, kama tumelionyesha njia. Nikaona vigae vikiteleza. Nikaona sakafu nyekundu ikiwa nje, juani, inang'aa kama kitu cha aibu ambacho watu wote wanakiona. Nikamwangalia Kukhu pale mbele kando ya dereva. Alikuwa anatazama mbele. Binamu yangu na mimi tulikuwa tumekaa nyuma juu ya kile kitanda kilichofungwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na mzaha wowote wa kunirushia.

Kitanda kiliingia katika chumba cha duka kama barua kwenye bahasha. Kiliingia, kikafika ukuta wa huku na ukuta wa kule, na kikakiziba chumba. Hiyo ndiyo habari kamili ya chumba kile: ni kitanda chenye kuta. Sufuria ziko chini yake. Redio iko juu yake. Jiko linakaa nje kwenye kizingiti. Ukitaka kuingia unavua viatu na kupanda. Kukhu akatundika pazia mlangoni, akaketi katikati ya kitanda chake, akatuambia amefika salama, Mungu ni mwema, tusimwangalie namna hiyo.

Mjomba alipata habari, akapona mazishi mara moja. Akapiga simu kwa mama kuuliza kama ni kweli mkwe amegusa kitanda cha mama mkwe. Akasema mila imevunjwa na lazima kuwe na mbuzi wa kutakasa. Mama akaweka simu kwa sauti ili Kukhu asikie. Kukhu akamuuliza mwanawe kama mbuzi huyo atakuja na yale mabati ya jikoni au atakuja peke yake. Simu ikakatika. Mtandao wa Huruma una matatizo yake.

Jumapili iliyofuata, baba akaja kumjulia mama mkwe wake hali. Alivuka barabara akiwa amevaa lile koti, lina vumbi la mawe ambalo halijatoka hadi leo, na paketi ya sukari mkononi. Akafika pale mlangoni, akasimama. Ndipo sisi wote tukaona jambo ambalo hakuna aliyeliwaza, si mama, si mimi, si Kukhu mwenyewe mwenye akili za kuukwepa msumeno.

Hakukuwa na mahali pa mkwe kukaa.

Kwenye nyumba ya kanjo kulikuwa na sebule. Kulikuwa na kiti cha mlangoni, na ukuta, na jikoni kwa nyuma. Watu wawili wangeweza kuheshimiana miaka yote bila kugongana, kwa sababu nyumba iliwapa nafasi ya kuheshimiana. Hapa pazia likipepea tu, kitanda hiki hapa. Baba akageuka upesi, akaupa mlango mgongo. Akasimama hivyo, uso kwenye lami, mbele yake bodaboda zinapita na muuza mayai anapita. Ningependa yule aliyechora lile bango aje aniambie, katika maghorofa yake yote meupe, mkwe anakaa wapi. Najua atanionyesha maegesho ya magari.

Kukhu alimimina chai akiwa amepiga magoti kitandani, akanipa kikombe chini ya pazia. Nikampelekea baba. Nikaenda kwa jirani kuomba kigoda, nikakiweka nyuma ya magoti yake, lakini msimamizi wa ploti, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni, akasema mbele ya mlango si pa kukalia watu, kunazuia njia. Nikamuuliza njia ya nani. Mama akanifinya. Baba akasema nirudishe kigoda, chai hunywewa hata wima.

Akanywa wima. Nyuma ya pazia Kukhu alikohoa, akaniambia nimuulize baba yangu mgongo wake unaendeleaje tangu siku ile. Nikamuuliza. Akasema nimwambie mgongo uko sawa, mzigo ulikuwa umefungwa vizuri.

Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kikapu akasimama, akainua pazia kidogo kwa kidole kabla sijamzuia. Pale zamani palikuwa duka, na si kosa lake. Akakiangalia kile kitanda, akavutiwa, akamgeukia baba kwa kuwa ndiye mwanaume aliyesimama mlangoni.

"Hiki mnauza pesa ngapi?"

Baba hajawahi kukiona kitanda hicho hata kwa pembe ya jicho, na hakugeuka kukiona sasa.

"Shusha pazia, mama," akasema, kikombe mkononi, macho barabarani. "Hapo ni nyumbani kwa mtu."